Mashine ya kuchomelea ikikosa nguvu, transfoma isihukumiwe kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wenye mashine ndogo za kuchomelea zinazosukuma waya, zile za nyumbani za ampea 100 hadi 150 zilizozeekea kwenye mabanda ya Igoma, Nyakato na Kirumba hapa Mwanza. Moto ukififia, mwenye mashine huambiwa transfoma imekufa, isukwe upya au iuzwe kama chuma chakavu. Mara nyingi transfoma ni nzima. Kinachochoka ni viungo.

Uchunguzi uanzie nje. Pima volti kwenye soketi wakati mtu anachomelea, kwa sababu kipimo cha mashine iliyotulia hakisemi lolote. Ikiwa 230 zinaporomoka chini ya 210 mara moto unapowaka, tatizo liko kwenye njia ya umeme. Ekstensheni ya shaba ya milimita za mraba 1.5 yenye urefu wa mita 30, ikipitisha ampea 20, inakula volti 14 hivi. Ya milimita za mraba 4 inakula volti 5 na ushee. Kabla ya kununua, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na upotevu utazidi hapo.

Kama volti za soketi zimesimama imara lakini chuma hakiyeyuki vizuri, hamia upande wa kutokea, na kwanza kabisa kibano cha arthi, kile kinachoshika chuma kinachochomelewa. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mashine hizi huchomelea kwa volti 17 au 18 tu, kwa hiyo kiungo chenye ohomu 0.02, kidogo kiasi kwamba multimeta (kipimo cha umeme) ya kawaida haiwezi kukiona, kinameza volti 2 kwenye ampea 100. Hewa ya ziwa ina unyevu, na shaba iliyobanwa vibaya huota kutu ya kijani ndani ya kiungo. Weka multimeta kwenye volti za DC, ncha moja kwenye mzizi wa arthi, pale kebo inapounganishwa na mashine, nyingine kwenye chuma kinachochomelewa, kisha mwenzako awashe moto. Ikizidi nusu volti, kata mwisho wa kebo, safisha hadi shaba ing'ae, funga kichwa kipya na badilisha kibano ambacho springi yake imelegea. Rangi na kutu pale kibano kinaposhika viondolewe kwa msasa.

Tipu (kile kichwa cha shaba cha bunduki ya kuchomelea ambamo waya hupita) iliyotanuka tundu, na waya wenye kutu, hukatakata moto, na mtu akadhani umeme umepungua. Tipu ni ya bei ndogo. Badilisha bila kusita. Kagua pia miguu ya chanya na hasi, pale kebo zinapofungwa: waya wenye dawa ndani, usiotumia gesi, hutaka bunduki iwe hasi, wa gesi hutaka chanya.

Yakishindikana hayo ndipo ufungue kava. Chomoa plagi, kisha ipitishie kapasita kubwa (kifaa kinachotunza chaji ya umeme) balbu ya gari ya volti 24 mpaka multimeta isome chini ya volti 1. Kapasita hukaa na chaji hata baada ya plagi kutolewa, tafadhali usiruke hatua hii. Chomoa nyaya za transfoma kutoka kwenye daiodi, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, upime daiodi moja moja: upande mmoja isome kati ya volti 0.4 na 0.7, upande wa pili isisome kitu. Moja ikikatika, mashine bado inawaka, ila kwa nusu ya wimbi: inanguruma, inapata joto haraka, na moto unatapika matone. Ikishona, yaani ikisoma sifuri pande zote, fyuzi huruka.

Mwisho ni swichi ya kuongezea nguvu. Rudisha nyaya, washa bila kuchomelea, pima volti za kutokea kwenye kila namba. Zinapaswa kupanda hatua kwa hatua. Namba moja ikiruka au ikitoa sifuri, meno ya swichi yameungua, na swichi hubadilishwa peke yake.

Fundi wa mashine,
Nyakato, Mwanza