Ijumaa ni zamu ya utumbo wa panya

Wanakikundi, habari za jioni. Ijumaa saa kumi na moja tunaendelea na alama za awali za saratani ya utumbo mpana. Tafadhali msije mikono mitupu, pitieni picha nilizotuma jana.

Kwa mliokosa kikao kilichopita: mwaka 1987 Ranjana Bird alichunguza utumbo mpana wa panya waliodungwa azoksimethani, kemikali inayosababisha saratani ya utumbo mpana. Unapasuliwa kwa urefu, unalazwa bapa, unahifadhiwa kwa formalini, kisha unatiwa rangi ya methilini bluu. Kwa darubini ya kawaida, bila hata kukata slaidi, vinaonekana vishimo vya utando vilivyovimba: ukuta mnene, mdomo umerefuka kama tundu la kifungo, rangi imekolea kuliko majirani. Vingine viko peke yake, vingine vimeshikana kishada.

Ubishi uko hapa. Vishada vingi haviji kuwa saratani, basi kuhesabu jumla yake tu kunaweza kutupotosha tukipima dawa ya kinga. Ndiyo maana wengine wanatafuta vishada vilivyopungukiwa ute, au vishimo vilivyojaa protini ya beta-katenini. Mimi naegemea vya ute, ila nipo tayari kubishiwa.

Panya wa Min, wale wenye kasoro ya kijeni inayowaotesha uvimbe utumboni, tuwaache kwanza. Uvimbe wao mwingi uko utumbo mwembamba.

Aliyeondoka na waya wa projekta aurudishe, jamani. Na wa zamu ya chai aseme mapema, mara ya mwisho tulikunywa maji ya bomba.