Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Maembe Yalikoishia

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kupanda na kusindika matunda,

Nawasalimu wote, wa Tanga mjini, Pongwe na Muheza. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina mkutanoni. Mimi nitajibu swali mnaloniuliza kila tukikutana: maembe yalijaa mitini, mbona kwenye chupa yamefika machache?

Jibu fupi ni inzi wa matunda. Jibu refu linaanzia uani kwangu.

Mwembe wangu wa dodo nyuma ya jiko mnaujua. Desemba matawi yaliinama kwa uzito, nami nikasema maembe yaive yenyewe mtini, haraka ya nini. Yakaanza kuanguka. Kila asubuhi mjukuu anaokota mawili matatu na kuyatupa shimo la taka, pembeni ya uzio. Siku moja nikachukua embe lililonipendeza, zuri kabisa kwa nje, ila lina kidoa kama limechomwa sindano. Nilipolipasua, ndani lilikuwa uji, na funza weupe wanarukaruka hadi juu ya kisu.

Inzi huyu si wa zamani kwetu. Asili yake ni Asia. Aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani. Funza wakishashiba hutoka kwenye tunda, hujichimbia udongoni sentimita chache tu, na baada ya siku kumi hivi inzi wapya wanaruka. Kumbe shimo langu la taka ndilo lililokuwa likilea inzi wa mtaa mzima. Wanachama wawili majirani zangu walikula hasara kwa ajili hiyo. Nimeshawaomba radhi, na nanyi nawaomba.

Mitego ya chupa tuliyoitundika ilijaa, tukashangilia. Lakini kivutio tulichotia ndani yake kinaita madume tu, na dume mmoja aliyesalia anatosha majike wengi. Kazi hasa ni kuokota. Kila tunda lililoanguka, liwe embe, pera au stafeli, litiwe kwenye kiroba cha mbolea chenye nailoni ndani, kifungwe mdomo na kuachwa juani siku kadhaa (mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019, msinitafutie kesi). Mwenye nafasi achimbe futi mbili, afukie. Lakini tuokote sote, maana inzi hana habari na uzio.

Na mnaopulizia dawa majimoto, wale sisimizi wekundu wanaojenga viota vya majani mitini, kwa kuwa wanauma, tafadhali acheni. Hao ni walinzi wa bure. Mwembe wenye viota vyao inzi hatui kwa raha, na harufu wanayoiacha kwenye tunda humfanya jike asite kutaga. Mchumaji apake majivu mikononi, apande mapema kabla jua halijakolea.

Waliotuzidi akili mwaka huu ni akina mama wa Pongwe. Wao hawakungoja embe liivie mtini. Likikomaa tu, lingali kijani na ganda gumu, wanalichuma kabla inzi hajalinogewa. Mengine wanavundika ndani, yakiiva wanayakata vipande vya milimita 5 hadi 8 na kuyakausha chini ya wavu. Yaliyobaki ni achari. Niliketi nao kutwa nzima. Vipande vinalala na chumvi usiku kucha, asubuhi maji yanamwagwa, kisha vinaanikwa mpaka vikunjamane na kunata kidogo kwenye vidole. Hapo ndipo thomu, pilipili, bizari na siki vinapoingia, na mafuta mpaka yafunike vipande vyote. Kinachochungulia juu ya mafuta ndicho kitakachoota ukungu. Nilionja, nikaomba ubwabwa.

Kwenye jamu ya papai lawama ni zangu tena. Bei ya sukari ilinitisha, nikashauri tupunguze, na ndimu tukaikamulia kwa ubahili. Wiki ya tatu vifuniko vilivimba. Usiku mmoja chupa ikafyatuka kabatini, nikatoka na panga nikidhani mwizi. Chupa 24 zilimwagwa. Papai halina uchachu wa kutosha, kwa hiyo sukari na ndimu ndizo zinazoilinda jamu isiharibike. Tumerudi kwenye kilo ya papai kwa kilo ya sukari, ndimu bila choyo, na chupa zinachemshwa kwanza, jamu inamiminwa ya moto. Tone kwenye sahani baridi likikunjamana ukilisukuma kwa kidole, epua.

Miche ya kubebesha, yaani iliyounganishwa kwenye shina la mche mwingine, imeshika vizuri. Wanaolalamika haijazaa, mingi ni ya mwaka mmoja. Ngojeni mwaka wa tatu hivi, na maua ya mwanzo myakate ili mti ujenge mwili kwanza.

Mnaotaka tuuze madukani, kumbukeni kuwa tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na kwa jamu ile nisingethubutu kubisha hodi. Kamati itaomba nafasi za mafunzo ya usindikaji SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza. Atakayependa kwenda ajiandikishe kwa katibu.

Mwisho, wenye chupa tupu za chama nyumbani waje nazo siku ya mkutano, pamoja na vifuniko vyake. Mwaka jana zilirudi chupa bila vifuniko.

Mwenyekiti