Kuvujisha ritani ya mtu ni jinai hata kwa nia njema

Ndugu Mhariri,

Katika mjadala unaoendelea kuhusu kuvujishwa kwa taarifa za kodi za matajiri wa Marekani, wapo wanaouliza: kama mtu hana cha kuficha, ya nini kumfunga aliyemfichua? Wanasahau kwamba mlipakodi hakuzitoa taarifa hizo kwa hiari yake. Serikali ilimtaka ajaze ritani, yaani fomu ya maelezo ya kodi, ataje mshahara, madeni, michango, hata gharama za matibabu anazotaka zizingatiwe, na asiposema kweli anaadhibiwa. Kwa hiyo nayo inawajibika kumtunzia.

Ndivyo Bunge la Marekani lilivyoamua mwaka 1976, baada ya Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Richard Nixon, kudhihirisha jinsi Ikulu yake ilivyotaka kuwaandama wapinzani wake kwa kutumia ritani zao. Charles Littlejohn, aliyekuwa akifanya kazi ya mkataba katika mamlaka ya kodi, aliwapa waandishi wa habari ritani za Donald Trump na taarifa za maelfu ya matajiri wengine, akiamini, kwa maelezo yake, kwamba anautumikia umma. Alikiri shtaka moja, na Januari 2024 akahukumiwa miaka 5, ambayo ndiyo adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo. Nia yake haikumwokoa, na kwa maoni yangu haikustahili kumwokoa.

Tangu 1997, hata kuchungulia tu ni kosa: mtumishi anayefungua jalada la jirani au la mtalaka wake kwa udadisi, asimwambie mtu yeyote, anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Hicho nakiona kifungu chenye busara kuliko vyote.

Wanaotoa mfano wa Norwei, ambako mapato ya watu hutazamwa na umma, wakumbuke kwamba uwazi huo umeruhusiwa na sheria, tena tangu 2014 mtu anaweza kujua nani amezitafuta taarifa zake.

Panapopwaya sheria ya Marekani ni kwenye fidia. Bilionea Ken Griffin, mmoja wa waliovujishiwa taarifa na Littlejohn, aliishtaki mamlaka ya kodi mwaka 2022, na mwaka 2024 akaombwa radhi hadharani. Mlipakodi wa kawaida asiyeweza kuthibitisha hasara aliyoipata hutengewa dola 1,000 kwa kila tendo la ufichuzi, tena afungue kesi ndani ya miaka 2 tangu alipogundua. Kiwango hicho ndicho kinachopaswa kupandishwa kabla ya kufikiria kuongeza miaka ya kifungo.

Wako mtiifu,
Msomaji