Barua kwa binti yangu: Kabla hujalipasua tunda lile

Mwanangu,

Marahaba, mama. Picha zako za kutoka Liwale zimefika. Mti mfupi wenye miiba, matunda ya mviringo ya ukubwa wa chungwa, ganda la kugonga kwa jiwe. Nimeyatazama sana majani: yanaota mawili mawili, na kila moja lina mishipa kati ya mitatu na mitano inayoanzia karibu na kikonyo. Kwangu mimi huo ni mtonga. Ila mimi niko Masasi, mti uko huko, basi usitie kitu kinywani mpaka mwenyeji auone.

Unasema nyani wanayala, kwa hiyo nawe waweza kula. Hapo hatuko pamoja. Tumbo la nyani ni la nyani. Tonga lililoiva lina nyama ya majimaji, tamu yenye uchachu. Unafyonza, mbegu unatema. Usizitafune. Mtonga uko ukoo mmoja na mti wa India unaotoa strikinini, sumu ya kuulia panya. Na bichi liache kabisa.

Isikushangaze tunda moja kuwa na utamu na hatari. Wewe si umekulia kwenye mikorosho? Bibo, lile tunda laini linaloning'iniza korosho, tunalila palepale chini ya mti, lakini itie meno korosho mbichi na ganda lake uone mafuta yatakavyokubabua midomo. Wareno ndio waliouleta mkorosho kutoka Brazil, nao ulikuwa mgeni huku siku hizo. Huwa najiuliza nani alikuwa wa kwanza kuling'ata lile ganda, na alitukana nini. Ndiga nayo, kiazi cha porini nduguye ming'oko, hailiwi mpaka ilowekwe siku kadhaa. Kwa hiyo ukimpata wa kumuuliza, usiishie kwenye "linalika?" Uliza sehemu gani, likiwa limefikia wapi, na linaandaliwaje.

Waulize kwanza wanafunzi wako, hasa wale wanaochelewa kipindi cha asubuhi kwa sababu wamepitia porini. Halafu mtafute bibi mmoja mtu mzima. Watoto wanajua lipi tamu. Bibi anajua lipi liliwahi kumlaza mtu. Mpelekee tunda pamoja na kitawi chenye majani, maana matonga yako ya aina kadhaa, na tunda peke yake linadanganya. Yule bodaboda aliyekwambia "kula tu, dada" achana naye. Hata jina la mti hakukutajia.

Likithibitika, makasha usiyatupe. Wachopi wa Msumbiji huyafunga chini ya mbao za marimba zao ili sauti ivume. Sisi hatuna marimba, lakini mama yako anataka mawili ya kuwekea chumvi. Uje nayo Desemba, yakiwa yamekwanguliwa na kukauka vizuri.

Baba yako