Mizani ya dhahabu ikicheza, kagueni meza kabla ya kumwita fundi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mizani ndogo za kidijitali zinazopimia dhahabu ya wachimbaji wadogo, kuanzia Geita hadi Chunya. Malalamiko ni yaleyale: kipande kinasoma 4.62, kikiinuliwa na kurudishwa kinasoma 4.57. Muuzaji anaona ameibiwa, mnunuzi anaapa kwamba hajagusa kitu, na mizani ambayo pengine ni nzima inaitwa mbovu.

Ndani ya mizani hizi mna kipande cha alumini kinachopinda kidogo mno uzito unapowekwa, na juu yake kumegandishwa nyuzi nyembamba za umeme zinazohisi mpindo huo. Mizani inayosoma hadi gramu 0.01 inahisi pia feni, mlango unaofungwa na meza inayotikisika. Zimeni feni. Iwekeni kwenye meza nzito, wala si juu ya kreti au kaunta ya mbao nyembamba, na mhakikishe kwa pima maji kwamba imekaa sawa. Iwasheni na kuiacha dakika 20 hadi 30 ndipo ipimiwe, maana namba huhama polepole wakati vifaa vya ndani vinapata joto. Betri zikichoka namba hurukaruka, na hilo hutokea hata kabla alama ya betri haijaonekana. Simu nayo ikae mbali angalau mita moja. Siku hizi malipo mengi hupita kwenye simu, na simu inayotuma mawimbi kando ya mizani huweza kuyumbisha namba.

Dhahabu iliyotoka kuyeyushwa isipimwe ikiwa moto. Hewa inayopashwa joto hupanda juu na kuisukuma sahani kidogo, hivyo usomaji unakuwa pungufu na hautulii. Ipoe kabisa hadi ishikike mkononi. Chunguzeni pia chini ya sahani: chembe moja ya mchanga iliyokwama kati ya sahani na bodi hubeba sehemu ya uzito, na dalili yake ni kwamba mizani hairudi sifuri baada ya mzigo kuondolewa.

Lipo jambo ambalo hata wanunuzi wazoefu hawalijui. Mizani nyingi za aina hii hujirudisha sifuri zenyewe pale namba inapobadilika taratibu karibu na sifuri. Mtu akinyunyiza vumbi la dhahabu kidogo kidogo kwenye kikombe ambacho uzito wake umekwisha kuondolewa kwa kitufe cha TARE, mizani huweza kudhani ni joto linaihamisha, ikalimeza vumbi la mwanzo bila kulihesabu. Dawa ni kuinua kikombe, kumimina dhahabu yote ndani yake, kisha kukirudisha. Anayeuza vumbi asikubali kupimiwa kwa kunyunyiziwa.

Mizani ikiendelea kusumbua baada ya hayo yote, ipimeni kwa jiwe la mizani la gramu 100. Liwekeni katikati mara tano, kisha kwenye pembe nne za sahani, mkilishika kwa kibano kwa sababu jasho na mafuta ya vidole huongeza uzito. Tofauti ya 0.01 au 0.02 ni ya kawaida. Ikifika 0.05, hiyo si ya kununulia dhahabu. Ikisoma namba ileile kila mara lakini siyo 100.00, inahitaji kusawazishwa tu: sahani ikiwa tupu, bonyezeni kitufe cha kusawazisha, CAL, na kukishikilia, subirini itaje uzito inaoutaka, wekeni jiwe, kisha hakikisheni kwa jiwe lingine, tuseme la gramu 20. Ikishindwa hapo, alumini imepinda, mara nyingi kwa kudondoshwa au kubonyezwa kwa kidole, na dawa ni kubadilisha.

Usawazishaji ufanyike pale mizani itakapotumika. Iliyosawazishwa kaskazini mwa Ulaya na kuletwa Geita, karibu na Ikweta na zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, itaonyesha gramu 100 kama 99.6 hivi, kwa kuwa mvutano wa dunia huku ni mdogo kidogo. Ni pungufu ya gramu 0.4 hivi bila mtu yeyote kudanganya.

Udanganyifu nao upo. Kitufe cha MODE hubadilisha kipimo, na gramu 10 zikisomwa kwa dwt (pennyweight, kipimo cha kigeni cha dhahabu) huonekana 6.43. Muuzaji asome herufi iliyo pembeni ya namba: iwe g. Na CAL ikifanywa kwa jiwe lililoandikwa 100 ilhali lina gramu 102, kila mzigo utasoma pungufu kwa karibu asilimia 2, na namba zitatulia vizuri kabisa. Stika ya Wakala wa Vipimo huthibitisha hali ya siku ya ukaguzi, haizuii kitufe kubonyezwa kesho yake.

Kwa hiyo naomba kila soko la madini liweke hadharani kwenye kaunta, ndani ya kisanduku chake, jiwe la gramu 100 la daraja la usahihi la M1 lililohakikiwa. Kosa linaloruhusiwa kwa jiwe hilo ni gramu 0.005, nusu ya tarakimu ya mwisho ya mizani hizi. Muuzaji apewe haki ya kuliweka kwenye sahani kwa kibano kabla dhahabu yake haijapimwa, na mnunuzi anayekataa asiruhusiwe kununua siku hiyo.

Fundi mizani,
Geita