Barua ya malalamiko: roboti ya maonyesho isiyoweza kusimama

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Sanamu na Vifaa vya Kuchezea,
Kariakoo, Dar es Salaam.

9 Juni 2025

Ndugu Meneja,

YAH: ROBOTI INAYOGEUKA LORI NILIYOINUNUA KWENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua kwenu roboti kubwa inayogeuka kuwa kichwa cha lori la semi, kwa shilingi 420,000. Nililipa kwa simu, mkanitumia Mwanza kwa basi. Naandika kwa sababu roboti hiyo haisimami, na kwa sababu jibu nililopewa nilipopiga simu siwezi kulimeza kimyakimya.

Nianze na jibu lenyewe. Kijana wenu alinisikiliza kwa adabu, sina ugomvi naye, kisha akaniambia kwamba dhamana haihusu viungo "kwa kuwa mteja ameshaigeuza". Nikamwomba arudie, akarudia. Yaani mmeniuzia roboti ya kugeuza, mbele ya boksi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inageuka, ndani mmeweka karatasi yenye hatua 31 za kuigeuza, halafu kosa langu ni kuigeuza. Kama haikutakiwa kuguswa mngesema ni sanamu, na sanamu ya plastiki ya ukubwa ule hakuna mtu angeilipia laki nne na ushee.

Mimi ni fundi simu. Roboti niliitaka kwa ajili ya kabati la kioo lililoko mbele ya ofisi, pale wateja wanapokaa kusubiri. Tangazo lenu lilisema ni "ya maonyesho, kwa watu wazima, yenye nakshi za kina". Kwa hiyo naomba tuipime kwa kipimo hichohicho mlichokiweka ninyi, tusiipime kama mdoli wa mtoto wa chekechea. Kitu cha maonyesho kazi yake ya kwanza ni kusimama pale kilipowekwa.

Sasa tuje kwenye goti. Goti la kushoto ni zima: ukilikunja linalia ta, ta, ta, meno ya ndani yanashikana na mguu unabaki ulipouacha. La kulia halilii. Linateleza tu. Niliuweka mguu chini ya taa ya meza na lenzi ninayotumia kukagulia bodi za simu, nikaona pini ya goti imegongwa ikaingia upande, na pembeni yake kuna ufa mwembamba kama unywele unaopanda kuelekea paja. Ndani ya ufa huo kuna rangi. Rangi ileile ya fedha iliyopigwa kwenye goti imeingia na kukaukia humo. Plastiki ya aina hii ikipasuka baada ya kupakwa rangi, ndani ya ufa huwa kweupe. Hapa ufa ulikuwepo kwanza, rangi ikafuata, na rangi hupigwa kiwandani. Mikono yangu na hatua zenu 31 havihusiki. Picha nilizopiga kupitia lenzi nimeziambatanisha, zikuzeni mtaona.

Matokeo yake ni kwamba nikiisimamisha asubuhi, hadi mchana imeshainama kulia, na nikirudi kutoka kula naikuta imeegemea kioo. Wateja wameanza kuniuliza, "Fundi, huyu mbona kalewa?" Kwa fundi anayetaka watu wamwamini na simu zao, hilo si tangazo zuri la biashara.

Goti lingekuwa zima bado ningekuwa na neno kuhusu uzito. Mliahidi sehemu za chuma, na kweli zipo, lakini zimewekwa kifuani na mabegani, huku nyayo zikiwa plastiki tupu iliyo wazi kwa chini. Kitu kinachotakiwa kusimama kwa miguu miwili hupewa uzito chini. Hii imebebeshwa juu, na mzigo wote unaangukia magoti mawili ambayo moja ni bovu. Aliyeichora aliwaza mnunuzi akiipima mkononi aseme "aah, nzito", basi.

Na urefu nao. Tangazo linasema sentimita 30. Nikipima kutoka sakafuni hadi utosini napata 26. Hizo 30 zinapatikana ukipima hadi ncha za mabomba ya moshi yaliyochomoza nyuma ya mabega! Kwa kipimo hicho, mtu akinyoosha mikono juu anakuwa ameongezeka kimo.

Sitaki mseme nalaumu kila kitu. Uso umefanyiwa kazi: macho yamepakwa rangi bila kuvuja nje ya mstari, na kwenye sura ya lori vioo ni vya kuona ndani, viti na usukani vinaonekana. Aliyetengeneza kichwa kile ni fundi. Ndiyo maana inauma zaidi kuona mguu umefanywa hovyo.

Picha za tangazo nazo zina maneno. Zile si picha za roboti hii, zimechorwa kwa kompyuta. Katika picha zenu nyuma ya miguu ni laini kabisa. Kwenye yangu kuna matundu ya skrubu yanayoonekana wazi. Katika picha zenu imepiga goti moja na kunyoosha mkono. Yangu haiwezi kupiga goti ikarudi kusimama.

Mtasema roboti za kugeuka ndivyo zilivyo, viungo vingi, lazima vilegee. Hapana. Kazi hii si ngeni duniani. Kampuni ya Takara ya Japani ilianza kuuza roboti za kuchezea za Diaclone mwaka 1980, na Hasbro ya Marekani ikachukua baadhi ya roboti hizo na kuziingiza sokoni kwa jina la Transformers mwaka 1984. Kiungo kinachogeuka kisha kikakaza kimeshatengenezwa kwa zaidi ya miaka 40, tena vingi vikiuzwa kwa watoto wanaovirusha ukutani. Na mguu wa kushoto wa roboti yenu yenyewe unathibitisha kwamba inawezekana.

Kijana wenu alinishauri pia nitie supa gluu. Nikifanya hivyo goti litakaza milele, na nitakuwa na roboti isiyogeuka na lori lisilofungika. Kulifungua mwenyewe pia si jibu. Limefungwa kwa pini na si skrubu, kuling'oa ni kumalizia ule ufa, halafu mtapata sababu ya kweli ya kuninyima dhamana. Na sikulipa bei ya kitu kizima ili nipewe kazi.

Ninachoomba ni hiki. Nirudishieni shilingi 420,000 pamoja na nauli ya mzigo, au nitumieni nyingine ambayo mtaifungua hapo dukani, muigeuze mara moja kwenda na kurudi, muiache imesimama mezani hadi kesho yake, mnirekodie video kabla ya kuifunga. Vilevile rekebisheni tangazo: wekeni picha halisi na urefu wa hadi kichwani, na kama dhamana inakufa pale mteja anapoigeuza, liandikeni hilo mbele ya boksi kwa herufi kubwa zilezile.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, malalamiko haya pamoja na picha, risiti na nakala ya tangazo lenu nitayapeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Nisingependa tufike huko kwa ajili ya pini moja.

Roboti nimeirudisha kwenye boksi lake na vikorokoro vyake vyote. Niambieni niitume kwa basi gani, na nauli ilipiwe huko huko inapofika.

Wenu,

Mteja wenu, fundi simu, Mwanza
(Jina kamili na namba ya oda vimo kwenye risiti niliyoambatanisha.)