Muhimbili waliziba meno bila umeme, wilayani bado tunang'olewa tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Kila ikitajwa shule ya udaktari wa meno pale Muhimbili, stori ni mashine mpya, viti vipya, mara mgeni rasmi kaja kukata utepe. Hongera zao. Ila kitu kikubwa kilichowahi kutoka pale hakikuhitaji hata soketi ya umeme na sioni mtu akikitaja.

Kwa wasiojua, mafunzo ya digrii ya meno pale yalianza 1979, enzi hizo bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya hapo ukitaka hiyo digrii unapanda ndege. 1991 Muhimbili ikawa chuo kikuu kishiriki, MUCHS, halafu 2007 ndo ikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Mimi nataka niongelee katikati ya miaka ya 80, ile miaka ya foleni za sukari na sabuni, vipuri hakuna, na huko vijijini drili ya nini wakati umeme wenyewe haupo? Hapo ndo Mholanzi mmoja, Jo Frencken, na wenzake pale shuleni wakaanza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu.

Yaani mgonjwa analazwa hata juu ya meza, daktari anapanua tundu kwa kipatasi kidogo, anakwangua uozo laini kwa kijiko chembamba chenye makali, anafuta na pamba, anachanganya simenti ya glasi ayonoma, yaani dawa ya kuzibia meno, anajaza, kisha anapaka vaselini kwenye kidole chenye glovu na kukandamiza kabisa simenti iingie kila pembe. Mgonjwa akae kama lisaa limoja bila kula, basi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, na ule mlio wa drili unaokimbiza watoto haupo. Ndo inaitwa ART, kifupi cha Kiingereza cha Atraumatic Restorative Treatment. Ikafanyiwa utafiti Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani (WHO) wakaitangazia dunia nzima.

Sasa njoo kwetu. Nilimpeleka binti wa dada yangu hospitali moja ya wilaya, ana miaka 12, jino la ukubwani lina kitundu kidogo tu, nauliza kama linazibika naambiwa "hapa tunang'oa tu mzee, dawa ya kuziba hakuna". Nikamrudisha nyumbani na jino lake.

Najua mtaniambia bajeti. Sawa, simenti inanunuliwa na ina tarehe ya kuisha muda. Lakini ganzi nayo si inanunuliwa, mbona hiyo ilikuwepo? Mi naona ni mazoea, tabibu kakuta watu wanang'oa na wagonjwa wenyewe tunakuja jino limeshaoza mpaka kwenye mzizi, tukifika tunasema ng'oa tu dokta niondokane nalo. Hapo hata ART haisaidii.

Ila kwa watoto wa shule za msingi inawezekana kabisa. Wanafunzi wa udaktari wa meno wa mwaka wa mwisho wapelekwe kwenye hizo shule na vifaa vyao, na TAMISEMI, wanaosimamia hospitali za wilaya, wahakikishe simenti inaagizwa pamoja na ganzi. Na nyie gazeti, tumeni mwandishi azunguke hospitali za wilaya aulize stoo kuna simenti ya kuziba meno au hamna, mtuandikie majibu.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam